Tunda Tulilozika Uriri

Fomu ya kibali cha kazi ilikuwa na kurasa kumi na moja. Niliichapisha yote, nikaijaza kwa penseli kwanza. Dada mwenye sayba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti, alinicheka. Alisema wateja wake wengine huketi kwenye kompyuta, wakajaza, wakaondoka kwenda kunywa chai, na mimi nimekuja na ufutio. Ufutio nilikuwa nao kweli, mfukoni, pamoja na kichongeo.

Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga skrubu huifungua tena nione kama niliifunga sawasawa. Kazi yangu ni kutengeneza friji na friza za samaki mjini Homa Bay, na hakuna shule iliyonifundisha. Nilijifunza kwa kuvunjavunja friji zilizotupwa, kwa video za simu, na kwa kitabu kimoja kisicho na jalada nilichokisoma hadi kurasa zikaanza kung'oka. Gesi ikivuja, fundi hupaka povu la sabuni kwenye bomba na kungoja. Palipo na tundu, povu huvimba. Wenzangu hungoja dakika moja. Mimi hungoja robo saa, kisha napaka tena. Wateja huchoka nami, lakini friza niliyoitengeneza hairudi.

Nasema haya ili ieleweke kwamba kosa nitakalolieleza halikutokana na uzembe. Ningefurahi kama lingekuwa la uzembe.

Kampuni ya kuhifadhi vyakula katika nchi ya mbali ilikuwa imenikubali, baada ya kunitazama kwa simu nikifungua kompresa na kuifunga tena. Nchi sitaitaja. Kuna mtu huko ambaye huenda hataki kutajiwa makazi. Nilikuwa nimefanya mtihani wa ufundi wa serikali, ule ambao hata sisi tuliojifunza wenyewe tunaruhusiwa kuufanya, na cheti nilikuwa nacho. Pasipoti nilikuwa nayo. Kwa cheti cha tabia njema nilichukuliwa alama za vidole mara mbili kule Migori, kwa sababu mara ya kwanza ncha za vidole vyangu, zilizoungua kwa miaka ya kuchomelea mabomba ya shaba, hazikusomeka. Kilichobaki kilikuwa kibali.

Ukurasa wa sita, kisanduku cha kumi na saba, kiliuliza hivi: Je, una mzazi, ndugu au mwenzi aliyewahi kuishi au kufanya kazi katika nchi hii? Kama unaye, andika jina lake na hali yake ya sasa.

Niliweka penseli chini. Nilihisi mtu amesimama nyuma ya kiti changu akisoma pamoja nami. Niligeuka. Palikuwa na ukuta, na kalenda ya mwaka uliopita.

*

Kaka yangu alikwenda nchi hiyo nikiwa na miaka kumi na sita. Yeye alikuwa na ishirini na miwili. Alikuwa amechimba dhahabu Macalder kwa miaka mitatu, akipanda kutoka mashimoni na vumbi jeupe kwenye kope, na alisema hatakubali kuzikwa akiwa bado anapumua. Aliondoka kwa viza ya matembezi. Kibali, alisema, atakitafuta akiwa huko huko.

Alipiga simu kila Jumapili kwa mwaka mmoja na ushei. Mara ya mwisho alimwuliza Mama kama mahindi yameota. Mama akamwambia yameota. Baada ya hapo nambari yake ikawa ile sauti ya mwanamke inayosema mteja hapatikani. Baba alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo nyumbani Uriri tulikuwa mimi na Mama tu, na kila Jumapili baada ya kanisa, kabla hajavua kitambaa cha kichwa, Mama aliipiga ile nambari. Alimsikiliza yule mwanamke mpaka mwisho, kwa heshima, kama anayesikiliza mgeni. Kisha akakata, akaenda kupika.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mtu ambaye hayupo wala hakufa huchukua nafasi kubwa kuliko aliyepo. Tulimwachia chakula cha Krismasi. Hatukuuza baiskeli yake. Na mimi, kwa desturi yetu, sikuweza kuleta mke nyumbani, kwa sababu mdogo haoi kabla ya mkubwa. Nilipofika miaka ishirini na mitatu nilikuwa na msichana, na msichana alikuwa ameanza kuniuliza maswali, na mimi nilikuwa nimeanza kumchukia kaka yangu kimyakimya, huku nikimwombea kanisani kwa sauti.

Mwaka huo nilikuwa natengeneza friza katika duka moja la samaki karibu na ziwa. Mteja mmoja aliketi kwenye kreti akinitazama. Alikuwa mtu wa Magunga, amerudi miezi michache tu kutoka nchi ile aliyokwenda kaka yangu.

"Wewe fundi ni wa wapi?" aliniuliza.

"Uriri."

"Kulikuwa na kijana wa Migori huko tulikokuwa. Alianguka kutoka kwa jengo, ghorofa ya sita hivi. Mimi sikumwona, nilisikia watu wakisema. Nadhani alikuwa wa Uriri. Au Awendo."

"Jina lake?"

"Omera, rafiki yangu, huko hakuna majina. Huyu ni Mkenya, yule ni Mganda, basi. Nakuambia nadhani."

Nilimaliza ile kazi. Nilipaka povu, nikangoja robo saa, nikapaka tena. Halafu nikasafiri kwenda nyumbani, na njiani nikaanza kuisafisha ile habari kama ninavyosafisha bomba kabla ya kulichomelea. Kwanza niliondoa Awendo. Kisha nikaondoa "sikumwona". Karibu na Uriri nikaondoa "nadhani", zote mbili. Nilipoingia kwa Mama nilikuwa na sentensi moja safi, isiyovuja popote: alianguka kutoka ghorofa ya sita, akafa.

Sijawahi kumwambia mtu hili kwa maandishi. Naliandika polepole.

*

Mtu wetu akifa mahali ambapo mwili wake hauwezi kupatikana, akizama ziwani, kwa mfano, au akipotea ugenini, tunazika tunda la yago badala yake. Yago ni mti mkubwa wa porini unaozaa matunda marefu, mazito, yanayoning'inia kwa vikonyo virefu kama mikono ya watu waliochoka. Baba mdogo, mdogo wake baba yetu, ndiye aliyesimamia mambo. Mimi nilitumwa kulileta tunda.

Nilikataa mawili kwa sababu yalikuwa na nyufa. La tatu lilikuwa zima, refu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole, na zito kuliko nilivyotarajia. Nililibeba begani. Nakumbuka nilitembea kwa uangalifu nisilikwaruze. Nakumbuka pia kwamba katikati ya njia nililihamishia bega la pili na kuliambia, "Pole."

Mchungaji alikuja, akaomba, akaondoka kabla tunda halijaletwa kaburini. Alijua na sisi tulijua kwamba alijua. Tukalifunga kwa shuka ya kaka yangu, tukalizika upande wa kushoto wa boma, kwa urefu wa kaburi la mtu mzima, maana Baba mdogo alisema asije akalala amejikunja. Mama hakulia kwa sauti. Aliangalia udongo ukirudishwa mpaka koleo la mwisho.

Shangazi mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Na akirudi?"

"Aliyezikwa harudi," Baba mdogo alisema. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza, "Lakini akirudi, hatapita langoni. Lango tumelifunga kwake leo. Itabidi aingizwe kwa nyuma, ua ukatwe, na kuna mambo ya kufanywa kabla hajaonana na mama yake."

Jumapili iliyofuata Mama hakupiga ile nambari. Alivua kitambaa cha kichwa mlangoni na kuingia jikoni. Mimi nilikuwa nje nikijifanya nanyoosha waya, na ukimya ule ulinifuata mpaka Homa Bay.

Msichana, kwa njia, aliolewa na mtu wa Kisumu miezi miwili baadaye. Sikumlaumu. Alisema nimekuwa mtu wa kushtuka.

*

Haya yote yalikuwa yamesimama nyuma ya kiti changu pale kwenye sayba.

"Umekwama wapi?" dada aliuliza. Nilimwonyesha kisanduku.

"Si uandike hapana, fundi. Nani atajua?"

"Nitakuwa nimedanganya."

"Haya. Ndugu yako yuko wapi sasa?"

"Tulimzika."

"Pole. Basi andika hivyo. Cheti cha kifo unacho?"

Sikuwa nacho. Hospitali haiwezi kuandika kifo cha mtu ambaye haikumwona, na chifu hapigi muhuri tunda. Lakini fomu haikuwa imeomba cheti. Iliomba hali yake ya sasa. Nikaandika kwa penseli: Marehemu. Nililitazama lile neno. Mtu aliyekataa kudanganya kwa neno hapana, akaandika lile. Kisha tukalipeleka kwenye kompyuta, nikasoma fomu nzima mara saba, na dada akabonyeza kitufe akisema ananibonyezea kabla sijazeeka.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Dada alinipigia simu mwenyewe. Nilipofika alinipisha kiti chake.

Barua ya ofisi ya vibali ilikuwa fupi. Ilisema ombi langu limepokelewa na vyeti vyangu vimekubaliwa. Ilisema hata hivyo kwamba hali niliyoandika katika kisanduku cha kumi na saba hailingani na kumbukumbu za ofisi hiyo. Nilipewa siku kumi na nne, ama kuleta cheti cha kifo, ama kurekebisha. Nisipofanya hivyo, ombi litafungwa.

Nilisoma. Nikasoma tena. Dada alikuwa akisoma juu ya bega langu.

"Hapo wanasema ndugu yako yuko kwao," alisema.

"Hawajasema hivyo."

"Hawajakataa pia."

"Huenda ni kwa sababu tu hawana cheti."

"Huenda," alisema. Alinitazama jinsi watu wanavyomtazama mgonjwa kabla hajaambiwa. "Lakini kama walikuwa hawana kitu, fundi, wangesema hawana kitu."

*

Siku zile za kwanza sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilirudishiwa friza moja, ya kwanza katika maisha yangu. Kila nambari ngeni iliyoita kwenye simu ilinifanya niketi chini kabla ya kupokea. Nilimwona kaka yangu sokoni mchana wa pili, shingo yake na namna yake ya kutembea akitanguliza bega, nikamfuata hadi alipogeuka akawa mtu mwingine. Mchana wa tatu nilimwona mara mbili. Hakuwa akinitisha. Alikuwa na shughuli zake, akinunua sabuni, akichagua nyanya. Hilo ndilo lililonitisha.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimeogopa kwamba amekufa na anajua nilichofanya. Sasa niliogopa kwamba yuko hai na hajui.

Na nitakiri jambo baya zaidi. Katika siku hizo kumi nilizopoteza, swali nililolipima zaidi halikuwa kama kaka yangu anapumua. Nilipima kibali. Nikiandika yuko hai, kibali kinatoka, na ninamfukua kaburini mbele ya Mama. Nikiacha alivyo, kaburi linabaki na amani yake, na mimi ninabaki Homa Bay na povu la sabuni mpaka nizeeke. Nililigeuza hivi na hivi kama skrubu.

Siku ya kumi na moja nilikwenda Uriri.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya jiko akichambua njugu, nzuri upande mmoja, zilizooza upande mwingine. Niliketi karibu naye, nikasaidia. Nyuma yake, kando ya lango, nyumba ndogo ya kaka yangu ilikuwa imeanza kuinama. Nyumba ya marehemu haikarabatiwi, huachwa ianguke yenyewe. Nilitoa barua nikamsomea, nikiigeuza kutoka Kiingereza kwenda Dholuo, lugha yetu, kwa uangalifu, bila kuondoa hata neno moja.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Hizo kumbukumbu zao zinasemaje?"

"Hawakusema, Mama. Wanasema tu haziendani na neno nililoandika."

"Uliandika nini?"

"Kwamba amekufa."

Alitupa njugu moja upande wa zilizooza. "Na wewe nani alikuambia amekufa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, lakini si hilo. Nikamwambia. Nilimrudishia habari kama nilivyoipokea kwenye lile duka la samaki, na vipande vyake vyote: sikumwona, nilisikia, nadhani, au Awendo, nadhani tena. Nilimwambia kuhusu msichana. Nilikuwa nikitazama mikono yangu, na njugu zilizokuwamo nilikuwa nimezisaga.

"Nilijua," Mama alisema.

"Ulijua nini?"

"Nyathina," aliniita, mtoto wangu, kama anavyoniita nikiwa na homa. "Wewe ukifunga mlango unarudi mara tatu kuuangalia. Ukinunua chumvi unarudi dukani kuuliza kama ni chumvi. Ile habari uliileta ukaiweka hapo, na hukuirudia hata mara moja. Hukumtafuta yule mtu tena. Hukuuliza alianguka lini. Mimi nikasema, huyu ameleta kitu ambacho anaogopa kukishika."

"Mbona hukusema?"

Kuku alikuja akala njugu mbovu, Mama akamwacha ale.

"Nilikuwa nimechoka. Miaka yote ile, kila Jumapili naambiwa hapatikani, hapatikani. Nilitaka mahali pa kwenda kuketi. Mlinipa." Alinyanyua kidevu kuelekea kaburi. "Usifikiri ulifanya peke yako."

Niliuliza niandike nini.

"Andika wanachotaka. Kazi ni yako, hukuiba. Lakini sikiliza. Kama yuko hai huko, anakula, analala, na hajapiga simu kuniuliza kama mahindi yameota, huyo mimi simfahamu. Wangu yuko pale. Usije hapa ukaniambia nimtoe. Na Baba yako mdogo asisikie."

Nilisema ndiyo, Mama. Tulimaliza njugu. Aliniangalia nikizirudia zile nzuri, moja baada ya nyingine, na safari hii hakunicheka.

*

Kesho yake kwenye sayba nilitoa karatasi yangu ya zamani nikafuta neno Marehemu. Penseli ilikuwa imekandamizwa sana, na hata lilipofutika liliacha mtaro kwenye karatasi. Juu ya mtaro huo nikaandika: Yuko hai. Mahali alipo hapajulikani na familia. Dada alipiga chapa maneno hayo bila utani wowote. Nilipotaka kusoma mara ya saba alisema, "Soma tu, fundi, sina haraka."

Barua ya idhini ilikuja. Watu walinipongeza, wakaniita mtu wa majuu, mtu wa ng'ambo, na mimi nikawaeleza, mmoja mmoja, kwamba bado si kibali. Dada mwenye sayba ndiye aliyenielewesha. Barua ile ni kama friza mpya iliyo ndani ya katoni, alisema, haijachomekwa. Nilikuwa na siku tisini za kuingia nchi ile, kupimwa afya, kusimama mbele ya ofisa na kupigwa alama za vidole, na kuthibitisha kwa mdomo wangu kwamba kila nilichoandika ni kweli. Hapo ndipo kingeanza kufanya kazi. Zikipita tisini, kinakufa hivyo hivyo ndani ya katoni.

Nilitumia sitini na tatu kabla ya kupanda ndege. Nilijiambia nangoja vipimo, nangoja tiketi. Nilikuwa nangoja simu.

Ofisi ilikuwa na mwanga mweupe na viti vya plastiki vilivyounganishwa. Nilichukua nambari. Nilimtafuta kati ya watu waliokaa, bila kutaka, nikitazama shingo tu. Ofisa aliyeniita alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Aliniomba niweke vidole kwenye kioo. Mashine ilikataa. Akanipa kitambaa chenye maji, nikavifuta, ikakataa. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akatikisa kichwa kana kwamba amewaona wengi wa aina yangu. Mara ya tatu aliushika mkono wangu mwenyewe akaukandamiza kwenye kioo, na mashine ikatoa mlio mdogo.

Kisha akaanza kusoma fomu kwa sauti, akinitazama kila mwisho wa mstari. Jina. Kweli. Tarehe ya kuzaliwa. Kweli. Kazi. Kweli.

"Ndugu mmoja. Yuko hai. Ni kweli?"

Ulimi ulikuwa mzito kama lile tunda begani. Nilifikiri juu ya shuka yake. Nilifikiri kwamba nimewahi kusema kinyume cha hili, kwa sauti safi, bila kutetemeka, na watu wakachimba.

"Ni kweli," nilisema.

Akabonyeza. Nikamwuliza, kwa haraka, kabla ujasiri haujaniisha, kama anaweza kuniambia yuko wapi. Alitazama skrini kwa muda. Sijui alikuwa akitazama nini. Huenda alikuwa akingoja kadi yangu ichapwe.

"Siruhusiwi," alisema. "Hayo ni mwenyewe tu anayeweza kukupa."

Kadi ilitoka ikiwa bado na joto. Sentensi ile nimeirudia kuliko kitu chochote nilichowahi kurudia. Nimeipaka povu pande zote. Kuna siku inavimba: mwenyewe, kwa hiyo yupo, ana mdomo, anaweza kutoa. Kuna siku inatulia kabisa, na naona ni maneno ambayo ofisa humwambia kila mtu, kuhusu walio hai na wasiokuwapo, kabla ya kuita nambari inayofuata.

*

Sasa nafanya kazi kwenye vyumba vya baridi vilivyo vikubwa kuliko kanisa letu. Kazi naiweza. Mchana wa mapumziko hutembea mitaa wanakokaa watu wa kwetu, na nikisikia Dholuo nyuma yangu husimama kwanza kabla ya kugeuka.

Jumapili mimi ndiye ninayempigia Mama. Hupokea mara moja. Hatumtaji. Huniuliza kuhusu baridi, nami humwambia kuhusu baridi. Siku moja nilimwuliza kuhusu nyumba ile ndogo, akasema paa limeanguka lote wakati wa mvua na ameacha lilivyo.

Jumapili iliyopita alisema amemwita kijana wa jirani aje na panga. Ua wa minyaa ulio nyuma ya ghala, alisema, ulikuwa umekuwa mnene mno. Akakata sehemu, upana wa mtu kupita.

"Ya nini, Mama?"

"Mbuzi," alisema. "Wanazunguka sana kufika langoni."

Mama hana mbuzi. Alikuwa nao wawili, na aliwauza niliponunua tiketi. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili, na upande wake nilisikia upepo ukipita mahali ambapo zamani ulikuwa unazuiwa.

"Baba mdogo amesemaje?" niliuliza.

"Baba yako mdogo amekuja, ameangalia, ameenda," alisema. "Hakuuliza mbuzi wako wapi."